Maji Moto ya Nyanya

Ndugu msomaji, wewe nami ni wanafunzi wa kutwa, kwa hivyo sina haja ya kukueleza baridi ya saa kumi na moja alfajiri. Wageni wanaotutembelea kutoka Kisumu au Mombasa hudhani tunatia chumvi. Hatutii. Kijiji chetu kiko mgongoni mwa mlima upande wa Nyamira, karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, na ifikapo mwezi wa Julai ukungu hushuka ukakaa juu ya majani chai hadi saa tatu, kama mgeni asiyejua kuaga. Maji ya tangi wakati huo ukiyatia mkono unautoa upesi. Nami niliyapima kwa kipimajoto, lakini hayo nitayafikia.

Naishi na Nyanya, mzaa baba. Baba ni bawabu Nairobi, na Mama huuza ndizi na mboga katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, huja kwetu Jumamosi jioni na kurudi Jumapili. Kwa hivyo siku tano za juma ni mimi na Nyanya, mbuzi wawili, na paka ambaye hana kazi. Nyanya anaugua baridi yabisi. Magoti yake hulia anapoinuka, na asubuhi vidole vyake huwa vimekunjamana hata kufunga kitambaa kichwani ni vita. Tabibu alimshauri aoge maji moto kila siku, tena apunguze kukaa katika moshi kwa sababu ya kikohozi. Sasa nawe niambie, mtu atapataje maji moto bila moshi katika nyumba yenye mafiga matatu?

Mwenye kuyapata maji hayo nilikuwa mimi. Nilikuwa nikirauka saa kumi na nusu, nikaenda jikoni, nikapuliza. Kuni zetu ni za mikaratusi, na mikaratusi ikinyeshewa haiwaki, hukasirika tu. Nilipuliza mpaka machozi yakanitoka. Maji yakipata moto nilimpelekea Nyanya bafuni kwa ndoo, kisha nikanawa uso kwa yaliyosalia na kuanza safari ya kilomita nne. Nikichelewa, mwalimu wa zamu alikuwa langoni, na uwanja ulikuwa na takataka zikinisubiri nizizoe. Darasani jirani yangu wa dawati alikuwa akinitania ati mimi ni samaki wa Kisumu aliyebanikwa. Nilicheka pamoja naye. Lakini tai yangu ilinuka moshi kweli.

Basi mwezi wa Disemba uliopita Baba Mdogo akaja. Yeye huishi Minnesota, kule Marekani ambako Wakisii wengi wamehamia, na alikuwa hajafika nyumbani kwa miaka sita. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli tulipona: tulichinjiwa, tulipewa viatu, hata paka akanenepa. Ila asubuhi ya kwanza Baba Mdogo alipopelekewa ndoo ya maji na kopo la kujimwagia, alitoka bafuni akitetemeka huku amekunja uso.

"Mama bado anaoga hivi? Karne hii?" akauliza.

"Hivi ndivyo ulivyooga wewe ukakua," Nyanya akamjibu kwa Ekegusii, na watu wote wakacheka.

Lakini yeye hakucheka. Jioni hiyo alitueleza kuhusu chombo kilicho nyumbani kwake. Ni sanduku la chuma lililoning'inizwa ukutani katika chumba cha chini. Halina tangi la kuwekea maji moto. Ukifungua mfereji, linajiwasha lenyewe kwa gesi, ukifunga, linazimika, na maji hayaishi moto hata waoge watu kumi mmoja baada ya mwingine. Nyanya alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja tu: "Na mahindi mnayakaushia wapi?" Maana kwetu moto wa jikoni haupashi maji pekee. Juu yake kuna dari ya mahindi, na pembeni ndipo anapoota moto mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, Baba Mdogo alitengeneza bafu nyuma ya nyumba, akajenga mnara mfupi wa mbao wa kuinulia tangi la plastiki linalokinga maji ya mvua, akavuta paipu, na kumwachia kaka mmoja wa ukoo pesa za kununua shawa ya umeme. Ile isiyo na tangi, ambayo wauzaji huiita instanti. Wengi wenu mnaijua: kidude cha plastiki nyeupe, kikubwa kama kibuyu, kinachofungwa juu ya kichwa cha mwogaji. Ina vituo vitatu: baridi, vuguvugu na moto. Chombo hiki kimeenea sana Brazil, na kampuni ya Lorenzetti ya São Paulo imejulikana hapa Kenya kiasi kwamba baadhi ya mafundi huita kila shawa ya aina hiyo Lorenzetti, hata iwe imetoka China. Yetu ilitoka wapi sijui. Ilikuwa na picha ya mzungu akicheka chini ya maji.

Ndani yake hakuna miujiza. Kuna kijumba kidogo chenye koili ya waya. Maji yakiingia kwa nguvu ya kutosha husukuma ngozi ya mpira, ngozi hiyo hukutanisha vyuma viwili, umeme ukapita katika koili, koili ikawaka, na maji yakapata moto yakiwa safarini kutoka. Ukifunga mfereji, ngozi hurudi na umeme hukatika. Ndiyo sababu tangi halina budi kuwa juu ya shawa, mita moja au zaidi, la sivyo maji hayana nguvu ya kusukuma chochote na utaoga baridi ukiitazama.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Hapa ndipo penye kisa changu, na ndipo ninapoona haya.

Nilikuwa nimeazima kitabu cha fizikia cha kidato cha tatu tangu likizo, kwa kuwa fizikia naipenda. Mada ya umeme unavyozalisha joto ilikuwa bado sana kufundishwa, lakini niliipitia peke yangu. Kwenye boksi la shawa paliandikwa wati 5500. Umeme wetu ni volti 240. Ukigawanya, unapata ampea 23 hivi. Plagi ya kawaida ya ukutani imeundwa kubeba ampea 13. Hesabu hiyo niliifanya nyuma ya daftari kwa dakika moja.

Sasa, nyumba ya Nyanya iliwekewa stima kwa mradi ule ulioanzishwa mwaka wa 2015 wa kusambaza umeme vijijini, ambapo ada ya kuunganishiwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Wengi walioingia kwa njia hiyo, sisi tukiwemo, waliwekewa kile kibao kinachoitwa redi bodi: kina swichi, soketi mbili na taa moja, basi. Ni kitu kizuri kwa balbu, redio na kuchajia simu. Hakikutengenezwa kwa ajili ya kupasha maji.

Fundi alikuja Jumamosi ya mwisho ya Januari. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, aliyefanya kazi huku akipiga mluzi. Akavuta waya mwembamba, sawa na ule wa taa, kutoka kwenye redi bodi, ukapita juu ya dirisha la sebuleni, hadi bafuni. Akawasha. Maji yakatoka moto, tukapiga makofi. Baada ya dakika moja, swichi ya redi bodi ikaruka, tap! Giza. Akairudisha. Ikaruka tena. Mara ya tatu akasema, "Hii swichi ni mbovu," akaifungua, akaunganisha waya moja kwa moja bila kupitia kwake.

Ndugu msomaji, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale alipokuwa. Nilijua swichi si mbovu. Nilijua kuwa ilikuwa ikiruka kwa sababu ilikuwa ikifanya kazi yake, ikikataa ampea 23 katika njia ya ampea chache. Maneno yalinijia mdomoni: fundi, hapana, waya huu utaungua. Lakini pale palikuwa na yule kaka wa ukoo mwenye pesa, na mzee jirani, na fundi mwenyewe aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Nami ni msichana wa miaka kumi na sita mwenye kitabu cha kuazima. Nikasema moyoni, labda kuna jambo asilonalo mwandishi wa kitabu ambalo fundi analo. Nikanyamaza. Nikaenda kuchemsha chai.

Shawa ilifanya kazi kwa siku tisa.

Siku ya kumi ilikuwa Jumatatu usiku. Nyanya alikuwa bafuni, mimi sebuleni nikifanya zoezi la hesabu. Nilisikia harufu kama ya kandambili iliyoanguka motoni. Nikainua macho. Waya uliopita juu ya dirisha ulikuwa umelainika, unaning'inia kama tambi, na pazia lilikuwa limeanza kushika moto upande wa juu. Sikujua nilivyofika kwenye ukuta. Nilichukua mkongojo wa Nyanya, ni wa mti mkavu, nikaipiga ile swichi kubwa ya karibu na mita ikaanguka chini. Giza likaingia, na katika giza lile pazia ndilo lililokuwa taa yetu. Nililivuta nikalikanyagia nje.

Nyanya alikuwa bafuni amejaa sabuni machoni, haoni kitu, anasikia mimi napiga kelele. Akatoka mbio, mtu wa magoti yale. Aliteleza kizingitini akaegemea mkono wa kulia. Kifundo kikateguka.

Hakuvunjika, tushukuru. Lakini mchuma chai bila mkono wa kulia hana kazi. Kwa majuma sita Nyanya alikaa mkono umefungwa kitambaa, na majani chai yakakomaa shambani. Mama aliacha biashara yake siku kadhaa aje kuchuma. Mimi nilichuma Jumamosi zote, na siku za kawaida jioni hadi giza. Na kila asubuhi saa kumi na nusu, mafiga yaleyale, mikaratusi ileile. Nilipuliza moto ule bila kulalamika.

Fundi alipoitwa alisema stima ya siku hizi ina mambo. Sikumjibu. Nilikuwa nimezoea kunyamaza.

Juma la pili, nikimkanda Nyanya kifundo kwa maji ya chumvi, nilimwambia. Nilimweleza mambo ya ampea kadiri nilivyoweza kwa Ekegusii, kazi ambayo si rahisi, nikasema nilijua kabla. Nyanya alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na kule shuleni huwa mnafundishwa nini, kunyamaza?" Akarudisha macho kwenye mkono wake. Hakusema tena neno lolote juu ya jambo hilo, wala mimi.

Mwezi wa Mei Baba Mdogo alipiga simu. Alikuwa ameumia sana moyoni kwa yaliyompata mamake, na akasema atatuma pesa tena, lakini safari hii achaguaye awe mtu anayeelewa. "Yule msichana wa hesabu," akasema. Mama akanitazama kana kwamba nimeteuliwa kuwa waziri.

Sikulala. Kuchagua chombo cha kupasha maji ni rahisi ukiwa na picha ya mzungu anayecheka. Ukianza kuuliza maswali ndipo usingizi hukimbia. Nilimwendea mwalimu wetu wa fizikia, nikamwomba kipimajoto cha maabara, akaniazima kwa sharti kwamba nikikivunja nitakilipa. Asubuhi tano mfululizo nilipima maji ya tangi saa kumi na moja na nusu. Yalikuwa digrii 15, siku moja 14. Maji mazuri ya kuoga, hasa kwa mtu wa baridi yabisi, ni digrii 40 hivi. Kwa hivyo kila lita lazima ipande digrii 25.

Tunajua kuwa kilo moja ya maji huhitaji jouli 4200 kupanda digrii moja. Lita moja ikipanda digrii 25 ni jouli 105,000. Shawa ya wati 5500 hutoa jouli 5500 kila sekunde. Piga hesabu: inakupa lita 3 na kidogo tu kwa dakika. Muuzaji mmoja mjini Kisii aliniambia shawa yake inatoa lita sita za moto kwa dakika, na nadhani hakuwa akidanganya, ila alikuwa akizungumza habari za Mombasa. Kule maji ya mfereji huwa digrii 28 hivi yenyewe, kwa hivyo kazi ni nusu. Chombo kilekile cha Mombasa kikipanda huku kwetu kinapungua. Na huko Minnesota wakati wa theluji, maji yanapokaribia kuganda, shawa kama hii ingetoa vijitone. Ndiyo sababu wenzetu wana masanduku ya gesi yenye nguvu ya kilowati 50 na zaidi.

Hilo likanifanya nifikirie gesi. Chombo cha gesi kisicho na tangi kinapatikana hata Kisii, kidogo, cha kuning'inizwa. Hakitegemei stima, cheche yake hutoka kwenye betri mbili za tochi. Nilipiga hesabu ya mtungi wa kilo 6 nikaona ungeweza kutoa kuoga kwa mara mia moja hivi, debe moja kila mara, jambo ambalo si baya hata kidogo. Lakini gesi ikiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha huzaa kaboni monoksaidi, na waliosoma biolojia wanakumbuka inavyoshikana na damu ikaizuia kubeba oksijeni. Haina harufu, haina rangi. Kwa hivyo chombo hicho hakifai kufungwa ndani ya bafu kama letu lenye kidirisha cha kiganja. Lazima kikae nje. Na ukuta wa nje wa bafu letu unatazamana na jiko la kuni, hatua nne. Mtungi wa gesi na mafiga yenye moto, hatua nne! Nikafuta. Tena Nyanya alikuwa amekwisha kusema kuwa mtungi ukiingia yeye atahamia kwa dada yake.

Jua nililifikiria kidogo. Ni la bure, lakini vyombo vyake vina bei, na asubuhi zetu mwalizijua.

Ikabaki stima. Safari hii tulitafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, na Mama akamwomba atuonyeshe karatasi yenyewe kabla hajafungua begi. Alipima volti kwa mita yake. Saa nane mchana zilikuwa 238. Akatuomba tumpikie chai angoje. Saa moja na nusu jioni, kijiji kizima kikiwa kimewasha taa na televisheni, zilikuwa 190. Transfoma iko mbali na sisi tuko mwisho wa laini. Nikaona afadhali nifanye hesabu papo hapo mbele yake, na safari hii kwa sauti: nguvu hushuka kwa mraba wa volti, kwa hivyo 5500 inakuwa 3400 na ushei, na maji moto yanakuwa chini ya lita 2 kwa dakika. Fundi akaitazama karatasi, akanitazama, akasema, "Sawasawa. Basi Nyanya aoge mchana au alfajiri, asioge usiku." Moyo wangu ulipiga kama ngoma, ingawa hakukuwa na jambo la kutisha.

Alitoa ile shawa ya kwanza akaifungua. Koili ilikuwa imekatika kama uzi. Tukaenda mjini kununua nyingine, na dukani tukaulizwa swali ambalo sikulitarajia: "Maji yenu ni ya chumvi au matamu?" Mimi nikajibu ni matamu, ni ya mvua. Kumbe kuna aina mbili. Ile ya maji matamu koili yake iko uchi, maji yanaigusa. Ile ya maji ya chumvi koili imefungiwa ndani ya mrija wa chuma, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi na tena hula waya. Ya pili ni ghali zaidi. Fundi akasema ya kwanza ingetutosha. Nikauliza, je, ipi inamweka mwogaji mbali na umeme? Akasema hiyo ya pili. Tukanunua ya maji ya chumvi.

Waya safari hii ulikuwa wa milimita sita mraba, mnene kama kidole cha mtoto, ukitoka moja kwa moja kwenye mita, una swichi yake ya ampea 32 na swichi nyingine ya kukata nyaya zote mbili, iliyo nje ya bafu. Akapigilia fimbo ya shaba ardhini na kuifunga waya wa kijani na manjano. Ule wa zamani ulikuwa umekatwa na kuachwa unaning'inia, hatukujua. Akaweka pia kifaa cha kukata umeme ukivuja hata kidogo tu. Gharama ya vitu hivi ilishinda bei ya shawa yenyewe, na Baba Mdogo alipotumiwa hesabu aliuliza kama tunajenga stesheni. Mama akamjibu kwamba mwanawe alikuwa karibu achomeke ndani ya nyumba. Pesa zikaja kwa simu siku hiyohiyo.

Ikabaki hesabu moja, na hii ndiyo iliyoniuma.

Nyanya hununua tokeni kwa pesa za majani chai. Tulikuwa tukitumia uniti 12 hivi kwa mwezi. Mwaka wa 2023 kiwango cha wateja wa bei nafuu kilishushwa kutoka uniti 100 hadi uniti 30 kwa mwezi. Aliyeipita alitozwa zaidi kwa kila uniti. Tangu hapo Nyanya huitazama 30 kama mpaka wa shamba, hauvukwi. Sasa, debe la lita 20 likipashwa digrii 25 hula uniti 0.58. Sisi wawili tukioga kila siku, ni uniti 35 kwa mwezi, kuoga tu. Jumlisha 12. Tungeuvuka mpaka huo na kupotelea upande wa pili.

Nilizirudia hesabu hizo mara nne nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nyanya peke yake, kwa karai la lita 15, anatumia uniti 13. Ukijumlisha na 12 ni 25. Zimebaki tano. Nami nikiitumia Jumapili peke yake, ni uniti mbili kasoro. Nikaandika hivyo kwenye karatasi, nikaibandika kando ya swichi, nikatia sahihi kama mkuu wa shule. Ningeweza kuandika namba nyingine. Hakuna mtu nyumbani ambaye angezikagua.

Unaona nimeandika karai. Ndiyo, karai. Nyanya alijaribu kusimama chini ya shawa siku ya kwanza, akatoka akisema hawezi kunyeshewa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Sasa huliweka karai chini, hufungua, maji hushuka moto bila haraka, dakika tano hivi likajaa, huku yeye ameketi kwenye kigoda chake akisubiri, mguu mmoja tayari umo ndani. Kisha hufunga na kuoga alivyooga maisha yake yote, kwa kopo, na kisahani cha sabuni cha mawe ya Tabaka kando yake. Baba Mdogo hajaambiwa. Akipiga simu kuuliza kama shawa inafanya kazi, Nyanya humjibu, "Inanyesha vizuri," akanikonyeza.

Vidole vyake bado hukunjamana asubuhi, lakini baada ya karai hufunga kitambaa mwenyewe. Jiko tunaliwasha jioni, kwa ugali na kwa mahindi yaliyo darini. Mimi huamka saa kumi na moja badala ya kumi na nusu, nikaoga maji ya tangi, ya digrii 15, nikipiga kelele ambazo majirani wamezizoea. Tai yangu hainuki. Na Jumapili, kabla ya kanisa, nasimama chini ya ile shawa nikihesabu dakika.